Sarafu Isiyo na Udongo Wake

Baadhi ya walimu wenzetu hapa Kimironko wamependekeza kwamba vyama vya Kiswahili shuleni vinunue mashine ya kutambua madini, ile ipitishwayo juu ya udongo ikalia, ili wanafunzi wakatafute sarafu za Wajerumani, ambao utawala wao nchini Rwanda ulikoma mwaka 1916. Ati historia itashikika mkononi. (Kila mmoja, bila shaka, anaota ile ya dhahabu yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka huo huo.) Sisi twalipinga pendekezo hilo, wala hatumung'unyi maneno.

Mashine hujua madini tu. Vilivyo kando yake, kigae, majivu, uzi wa mfuko, havilii, basi hutupwa. Ndugu wasomaji, itazameni Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 wanaakiolojia walipata hapo sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo mno, zenye majina ya watawala wa pwani. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, na hizo ndizo zilizosaidia kukadiria kwamba hazina ile ni ya karne ya 11. Mwenye mashine angaliiuza dhahabu siku iyo hiyo, na zile za fedha zingalibaki bubu. Mwaka 1944 sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Aliyeziokota alitia alama kwenye ramani, twamshukuru. Lakini tabaka za mchanga hazikuchunguzwa, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Tena ardhi ya wilaya yetu ya Gasabo si ya kuchezewa. Mwaka 2018 makaburi ya halaiki ya wahanga wa 1994 yaligunduliwa Kabuga. Je, mwanafunzi apewe jembe na kuambiwa achimbe palipolia?

Na sisi ni walimu wa lugha. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia, wakaweka heller 100. Sarafu hiyo haipokelewi dukani, lakini twaitaja kila siku: hela. Warundi nao husema amahera. Chama kinunue madaftari. Wanafunzi waende Biryogo, wawaulize wazee majina ya fedha waliyoyasikia kwa wazazi wao, na kila neno liandikwe pamoja na mahali na tarehe liliposikiwa.