Njaa, Usingizi na Hofu Darasani

Wanachuo wanaporudi kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, madaftari yao ya tathmini mara nyingi huwa yamejaa maneno matatu: mvivu, mzito na mkaidi. Mtoto aliyesinzia huitwa mvivu. Aliyeshindwa kujibu swali alilolijibu jana huitwa mzito. Asiyetulia mahali pake huitwa mkaidi. Maneno haya ni mepesi kuandika, na ubaya wake ni kwamba yakishaandikwa mwalimu huacha kuuliza. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba mara nyingi tunachokiita tabia mbaya ni kazi halali ya ubongo wa mtoto, unaoulinda mwili kama upasavyo kuulinda. Mwalimu asiyeijua kazi hiyo hupambana nayo na hushindwa. Anayeijua huweza kuitumia.

Hatudai kwamba mwalimu wa shule ya msingi awe mganga wa ubongo. Lakini mkulima hujifunza kwanza udongo wa shamba lake kabla ya kuulaumu mmea. Sisi nasi yatupasa kujifunza kidogo habari za kiungo kile ambacho kila siku tunajaribu kukifundisha.

Serikali ya mwili

Ubongo wa mtu mzima una nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo bilioni 86. Ndani ya nyuroni habari husafiri kama msukumo wa umeme. Msukumo ufikapo mwisho wa uzi wa seli, nyuroni humwaga kemikali katika upenyo mdogo sana uitwao sinapsi, na kemikali hiyo huiamsha au huituliza nyuroni inayofuata. Nyuzi nene zilizovikwa ala ya mafuta huweza kupitisha msukumo kwa mwendo unaozidi mita 100 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na ala huenda mita 1 au 2 tu kwa sekunde.

Nyuroni nyingi zikiungana hufanya njia yenye kazi yake maalumu. Zipo njia fupi: mtoto agusapo sufuria ya moto, amri ya kuuondoa mkono hutolewa katika uti wa mgongo, hata kabla ubongo haujapata habari ya maumivu. Zipo pia njia ndefu zinazoutawala mwili mzima, na nyingi kati ya hizo hupita katika haipothalamasi, sehemu ndogo kiasi cha lozi iliyo chini ya ubongo. Hapo ndipo hupimwa joto la damu, chumvi yake na akiba ya chakula; na hapo ndipo hutoka amri za kutoka jasho, kunywa, kula, kulala na kuamka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Sweden aitwaye Bernt Andersson aliingiza kiasi kidogo cha maji ya chumvi katika haipothalamasi ya mbuzi. Mbuzi wale hawakuwa na upungufu wa maji mwilini, lakini walianza kunywa maji kwa wingi. Kiu yao haikutoka kooni bali ubongoni. Hakuna mtu wa haki ambaye angewalaumu kwa ulafi, kwa kuwa walikuwa wakitii amri iliyotoka ndani yao wenyewe.

Somo hili laweza kufundishwa kwa zana rahisi sana. Watoto wakae wawili wawili. Mmoja aishike rula kwa juu, mwenziwe atandaze vidole chini yake bila kuigusa, kisha rula iachiwe bila taarifa. Ikidakwa baada ya kushuka sentimita 20, zimepita sehemu 2 za kumi za sekunde: muda wa habari kutoka jichoni, kupita ubongoni na kushuka hadi kwenye misuli ya vidole. Baadaye zoezi lirudiwe huku anayedaka akiulizwa hesabu za kichwa. Mara nyingi rula itashuka zaidi kabla ya kudakwa. Watoto watakuwa wameona kwa macho yao kwamba ubongo unaoshughulishwa na jambo moja huchelewa katika jambo la pili. Mwalimu naye ayakumbuke hayo, maana njaa, usingizi na hofu ni mashughulisho makubwa kuliko hesabu ya kichwa.

Njaa

Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wataalamu wamesaidia kutueleza sababu. Katika haipothalamasi mna kundi dogo la nyuroni ambalo huchangamka mwili unapopungukiwa chakula. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliziamsha nyuroni hizo kwa mwanga katika ubongo wa panya walioshiba. Kwa muda wa dakika chache tu panya wale walianza kula kwa pupa, ingawa matumbo yao hayakuwa matupu. Kwa hiyo njaa ni zaidi ya utupu wa tumbo. Ni amri inayoyageuza macho, pua na mawazo yaelekee kwenye chakula, na kuvipunguzia thamani vitu vingine vyote.

Tukumbuke pia kwamba ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, hutumia kiasi cha asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Kwa mtoto sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Basi mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila hata kikombe cha uji, akatembea mwendo mrefu, kisha saa 5 asubuhi akatakiwa kugawanya sehemu kwa sehemu, amepewa mizigo miwili. Anapochungulia dirishani hatudharau, bali ubongo wake unatimiza wajibu wa kwanza wa kiumbe hai.

Mwalimu hawezi kumlisha kila mtoto. Lakini aweza kuweka masomo mazito katika vipindi vya mwanzo. Aweza kuhakikisha kwamba upo mtungi wa maji safi na kwamba ruhusa ya kunywa haiombwi kwa woga. Aweza kuacha kabisa adhabu ya kumnyima mtoto mapumziko, kwa sababu mapumziko ndiyo nafasi pekee ambayo baadhi yao huipata ya kutia kitu kinywani. Aidha, katika mkutano wa wazazi, mwalimu anayeweza kueleza njaa inaufanya nini ubongo ana hoja yenye nguvu kuhusu uji wa shuleni kuliko yule anayeomba michango tu.

Usingizi

Mwaka 1917, mjini Vienna, daktari Constantin von Economo alieleza ugonjwa wa ajabu wa ubongo. Wagonjwa wengi walilala mfululizo. Wachache hawakuweza kulala kabisa. Alipochunguza bongo za waliokufa, aliona kwamba wale wa kwanza walikuwa wameharibika sehemu ya nyuma ya haipothalamasi na jirani yake, na wale wa pili sehemu ya mbele. Huo ulikuwa ushahidi kwamba kuwa macho na kulala ni kazi mbili za ubongo, kila moja ikiwa na mahali pake. Mwaka 1998 iligunduliwa kemikali iitwayo oreksini, inayotolewa na nyuroni chache za haipothalamasi na kutudumisha macho. Mtu aliyepoteza nyuroni hizo hupatwa na usingizi wa ghafla mchana, hata akiwa katikati ya mazungumzo. Kadhalika, kadiri tunavyokaa macho ndivyo adenosini inavyojikusanya ubongoni na kutuvuta tulale, na deni hilo halilipwi kwa kukemewa bali kwa kulala.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 katika kila siku. Mwalimu na afanye hesabu. Mtoto aliyelala saa 4 usiku baada ya kazi za nyumbani, akaamka saa 10 alfajiri kwenda kuchota maji, amelala saa 6 tu. Jambo la pili ni zito vile vile: wakati wa usingizi ndipo ubongo huyakaza yale tuliyojifunza mchana. Kwa hiyo mtoto huyo amepungukiwa mara mbili, leo kwa kusinzia na jana kwa somo ambalo halikukazwa.

Kwa mtoto wa namna hiyo kelele hufaa dakika mbili tu. Afadhali darasa lote lisimame, liimbe wimbo wa hesabu, au liende nje kupima kivuli cha mti. Na anayesinzia kila siku apelekwe kwenye kituo cha afya, maana malaria, minyoo na upungufu wa damu huingia darasani vikiwa vimevaa sura ya uvivu.

Hofu

Tumefika mahali penye ubishi. Ndani ya ubongo, karibu na masikio, mna fungu la nyuroni liitwalo amigdala, moja kila upande. Likitambua hatari huipelekea habari haipothalamasi, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo hupiga mbio, kinywa hukauka, damu huelekezwa kwenye misuli. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Wakati huo huo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoshikilia tarakimu wakati wa kukokotoa, hupungukiwa na nguvu. Mbele ya nyoka mpango huu ni mwema, kwani hakuna haja ya kukokotoa. Lakini mbele ya ubao, mtoto aliyeshikiwa fimbo akiambiwa ajibu upesi anaombwa kutumia sehemu ile ile ambayo hofu imekwisha kuidhoofisha. Jana alijua, leo hajui. Uzito tunaoulaumu tumeutengeneza wenyewe.

Wapo watakaotujibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Watasema pia kwamba wengi wetu tulichapwa na tukasoma, na kwamba tukio la kutisha halisahauliki. Hoja hii ya mwisho ni ya kweli. Amigdala husaidia kuikaza kumbukumbu ya jambo la kutisha. Lakini swali ni hili: kinachokazwa ni nini? Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya chakula hudondokwa na mate kwa mlio peke yake. Hofu nayo hufungamanishwa vivyo hivyo. Mtoto anayechapwa katika kipindi cha hisabati hukumbuka fimbo, uso wa mwalimu na harufu ya chaki. Na siku zijazo kitabu cha hisabati chenyewe huwa ule mlio. Tulitaka akumbuke jedwali la saba, naye amejifunza kuliogopa. Kuhusu sisi tuliochapwa tukasoma, haki yataka tuwahesabu pia wenzetu walioacha shule, ambao hawapo chuoni kutoa ushuhuda.

Sheria zenyewe zimekuwa zikiuona ugumu huu. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Hata kwa mujibu wa kanuni hizo, mwanachuo anayetembea na fimbo kutoka dawati hadi dawati hana idhini hiyo. Sisi tunakwenda mbele zaidi: hata pale sheria inaporuhusu, ubongo haukubali kufundishwa hivyo.

Wala hatutetei fujo. Darasa la watoto 80 lisilo na utaratibu ni la kutisha pia, kwa sababu mtoto hajui kitakachotokea. Kinachoituliza hofu ni mambo yenye kutabirika: kanuni chache zinazojulikana, adhabu isiyo ya mwili inayolingana na kosa, na sauti isiyobadilika kwa hasira. Mpe mtoto nafasi ya kufikiri kabla hujamwita jina. Pokea jibu lenye kosa na ulitumie kufundishia. Hayo hayahitaji fedha wala chumba kipya.

Yatupasayo

Tunapendekeza jambo moja kwa kila mwanachuo atakayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Usiandike neno mvivu, mzito wala mkaidi katika daftari lako kabla hujajibu maswali manne. Ilikuwa saa ngapi? Mtoto alikula nini na lini? Alilala saa ngapi? Nani alikuwa amesimama mbele yake, na ameshika nini? Ukishayajibu, andika ulichokiona, si hukumu: amesinzia kipindi cha tano, amekosa jibu baada ya kukemewa, ameangalia nje tangu saa 5. Maelezo ya namna hiyo humwezesha mwalimu kupanga upya andalio lake la somo. Hukumu humwezesha kulala salama tu.

Si kila kosa la mtoto limetokana na njaa, usingizi au hofu. Wapo watoto watundu walioshiba, waliolala vizuri na wasiomwogopa mtu, na hao nao wana haki ya kuongozwa. Lakini hatuwezi kuwatambua mpaka kwanza tuwe tumewaondoa katika kundi lao wale ambao kosa lao pekee ni kuwa na ubongo unaofanya kazi yake.