Nyari si studio yako ya bure

Wiki hii nimeona tena video ya kijana wa huku kwetu Malindi akijigamba: "Wasee, kuna njia ya kuingia Hell's Kitchen bila kulipa." Anapita nyuma ya boma za watu, anateremka korongoni na malapa, anajirekodi, anasepa. Chini yake pongezi kibao. Hebu tuongee.

Kwanza, pale Marafa panaitwa Nyari. Kwa Kigiriama ni mahali palipovunjika penyewe. Wazee husimulia kwamba palikuwa na boma la matajiri, ng'ombe wengi mpaka maziwa wakawa wanaogea. Mungu akachukia, ardhi ikawameza. Ule weupe wa kuta ndio maziwa, wekundu ndio damu yao. Sasa angalia nani leo anashuka mle kuchezea neema isiyo yake. Ni sisi wenye simu.

Na sitajifanya mtakatifu. Mwaka jana tulitoka Ganda watatu kwa boda mbili, tukavuka daraja la Sabaki, tukapita Mambrui, tukakata ndani mpaka Marafa. Tulifika saa sita mchana, saa ambayo mtu mwenye akili yuko chini ya mwembe. Jamaa mmoja wa pale akatuambia ada ya kuingia ni hii na ya mwongozaji ni hii. Tukamwona mwizi. Tukazunguka, tukashuka wenyewe. Chupa moja ya maji, watu watatu.

Kule chini upepo hakuna. Joto linatoka juu, linatoka kwenye kuta, linatoka kwenye mchanga. Kila kichochoro kinafanana na ulichotoka. Mwenzetu akaanza kutapika, kisha akakaa chini akasema hainuki. Aliyetutoa ni yule yule tuliyemruka. Alisikia tukipiga kelele, akashuka na maji. Hakututukana. Aliuliza tu: "Ndugu zangu, mngefia huku, angelaumiwa nani?"

Njiani kupanda alituambia ana mtoto sekondari na karo inatoka hapo hapo korongoni. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo. Nilimsikia vizuri kabisa, na bado nikaondoka bila kumpa hata mia. Ile video ikatazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Yeye nilimkata.

Kwa hiyo najua visingizio vyote, nimevitumia.

"Ni kazi ya Mungu, hakuna aliyejenga." Kweli, ni mvua na upepo vilivyochonga ule mchanga-mwamba. Lakini Mungu hakukuonyesha njia ya kutoka. Mtu wa Marafa ndiye aliyekuonyesha.

"Sisi ni Wagiriama, ardhi ni yetu, tulipie nini?" Hii ndiyo inaniuma zaidi. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wagiriama ng'ambo ya Sabaki, ikachoma nyumba zao. Mekatilili wa Menza alishapelekwa Kisii, na inasimuliwa alirudi Pwani kwa miguu. Amezikwa Bungale, huko huko Magarini. Halafu wewe, mjukuu, unatumia jina lake kumdhulumu mwenzako shilingi kadhaa? Mtalii kutoka Italia analipa bila kelele. Wewe unayeita watu wa pale ndugu ndiye unayewaruka. Undugu gani huo?

"Nawatangazia bure." Unatangaza nini? Umetangaza kichochoro cha kukwepa kulipa. Kila atakayekufuata atapita hapo hapo. Matangazo yako yanamjazia mwongozaji wageni wasiomlipa, na wengine atawabeba mgongoni.

Kisha kuna korongo lenyewe. Ule si mwamba wa Mlima Kenya. Unaparuza kwa kucha unabomoka. Kila mvua inaondoka na kipande, hiyo ni kazi yake. Yako si kupanda vile vichuguu vyembamba upate picha ya machweo, wala kuchonga jina la mpenzi wako ukutani. Mwongozaji anajua wapi panakanyagika. Hicho ndicho unacholipia.

Sisemi tusiende. Nasema twende zaidi! Vijana wa Malindi tunajua ufuo na vilabu tu, halafu tunachanga pesa kwenda kutembea Ngong tukiwa na Nyari upande huu na msitu wa Arabuko-Sokoke upande ule. Kutoka Ganda, ukishika barabara ya Jilore umeshafika ukingoni mwa msitu. Una ndovu, una bundi mdogo ambaye wapenda ndege wanavuka bahari kuja kumtafuta, na sisi hatumjui.

Lakini enda kama mtu. Fika alfajiri au saa kumi jioni. Vaa viatu. Beba maji kuliko unavyodhani. Lipa ada, chukua mwongozaji, umsikize. Akikubali, mtaje kwenye video yako, maana yeye ndiye mwenye hadithi, wewe una kamera tu.

Ile video yangu nimeifuta. Mwezi ujao narudi Marafa, na kabla sijatoa simu mfukoni namtafuta yule jamaa. Nina deni lake. Na wewe uliyeingia bure, unalo.