Uhuru Haukutoka Msituni Pekee

Anayetaka kuwakumbuka Wakenya walioteswa na mkoloni huelekezwa Uhuru Park, Nairobi. Huko ulizinduliwa mnara Septemba 2015 kwa fedha za Uingereza, miaka miwili baada ya nchi hiyo kukubali kuwalipa wahanga 5,228 pauni milioni 19.9. Sanamu yake ni ya mama anayempa chakula mpiganaji wa Mau Mau. Ni kazi nzuri, ila mgeni huondoka na imani ileile aliyokuja nayo: kwamba uhuru ulipiganiwa Aberdare na Mlima Kenya, Nairobi ikitazama tu.

Imani hiyo ni potofu, na inawadhulumu watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi.

Mmoja wa mitaa hiyo ni Kaloleni, jirani na viwanda vya Industrial Area. Katika ukumbi wa mtaa huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Ilikuwa imebaki zaidi ya miaka miwili kabla ya mkoloni kutangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Mei 15 alikamatwa pamoja na kiongozi mwenzake, Fred Kubai; kesho yake wafanyakazi wakagoma, wakidai viongozi wao waachiliwe na mshahara usipungue shilingi 100 kwa mwezi. Walijibiwa kwa gesi ya machozi. Singh alizuiliwa hadi Oktoba 1961, mtu ambaye hakuwahi kuingia msituni.

Singh akiwa bado kizuizini, ikaja Operesheni Anvil, msako wa mkoloni dhidi ya Mau Mau jijini Nairobi. Alfajiri ya Aprili 24, 1954, askari walizingira mji, wakapekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba. Watoa habari waliovishwa magunia walitikisa vichwa kuonyesha nani achukuliwe. Zaidi ya 20,000 walipelekwa kuzuiliwa, wengi wao Manyani na Mackinnon Road, bila kesi.

Mkoloni mwenyewe alijua nguvu ya ukumbusho. Mitaa ya Mbotela na Ofafa ina majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau wakihesabiwa kuwa upande wa serikali. Familia zao nazo zililia. Lakini waliokamatwa kwenye Anvil hawakupewa mtaa.

Kaunti ya Nairobi iandike majina ya waliozuiliwa, pale pale walipotolewa, ikianzia mitaa ya Kaloleni na Bahati, ili mtoto wa Makadara ayasome akienda shule.