Kitako Kimfuate Mpigaji

Mkulima wa hapa Kutus anunuapo mpini wa jembe hakubali kufungiwa tu na kwenda zake. Huushika, huuinua, huinama nao kama alimaye, na akiuona mrefu humwambia fundi aupunguze. Haoni aibu kufanya hivyo, wala fundi hamcheki. Nashangaa basi kwamba katika ulengaji shabaha, mchezo udaio usahihi kuliko kilimo chochote, bado wapo wakufunzi wampao kijana bunduki iliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine, na akikosa humwambia kwamba hana jicho.

Nazungumzia bunduki ya mashindano, si ya vita wala ya uwindaji. Kenya si ngeni katika mchezo huu. Wapiga shabaha walikuwamo katika timu yetu ya kwanza ya Olimpiki, mjini Melbourne, mwaka 1956. Hata hivyo, umebaki kwa kiasi kikubwa mchezo wa askari na wa watu wenye uwezo. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ni kali, na ni haki iwe kali. Lakini sheria haikumkataza mtu kumpima kijana bega kabla ya kumhukumu.

Tuanze na hesabu, maadamu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na wanafunzi. Katika shindano la bunduki ya hewa la mita 10, duara la alama kumi lina kipenyo cha nusu milimita, karibu sawa na nukta ya gazeti. Tuseme kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeachana kwa sentimita 70. Vikipishana kwa milimita 0.2 tu, mwanafunzi ajuaye pembetatu mfanano ataona kwamba shabahani kosa limekua na kuwa takriban milimita 2.9. Risasi yenyewe ina kipenyo cha milimita 4.5, kwa hiyo ukingo wake hauligusi tena duara la kumi. Milimita 0.2! Nani awezaye kuizuia shingo iliyokazwa isitetemeke kwa kiasi hicho?

Hapo ndipo kitako kinapoingia. Kitako cha kurekebishika huwa na vipande vitembeavyo na kukazwa kwa skrubu: bamba la begani, mto wa shavu, na mara nyingi mahali pa kushikia pia. Kazi yake ni kuubeba mwili ili misuli ipumzike. Bunduki ikiwa tupu, chemba wazi, nayo imeelekezwa upande salama, mpigaji huliweka bamba katika kunjo la kiwiko kilichopindwa pembe mraba. Kidole cha shahada kikifikia kifyatulio bila kujivuta, urefu u karibu na haki. Nasema karibu, kwa kuwa kipimo hiki ni cha kuanzia tu. Shingo ndefu, kifua kipana, hata koti nene la mashindano huyabadilisha mambo.

Mto wa shavu, kwa maoni yangu, ndio mkuu. Mpigaji afumbe macho, akilaze kichwa kwa uzito wake wote, kisha afumbue. Jicho likijikuta juu au chini ya tundu la kilengeo, mto ndio ushushwe au upandishwe, shingo isilazimishwe. Bamba la begani nalo halikai mahali pamoja kwa asimamaye na kwa alalaye kifudifudi. Badiliko liwe moja kwa wakati, liandikwe daftarini kwa milimita, na lijaribiwe kwa risasi kumi, si moja, kwa sababu risasi moja husema uongo kwa urahisi mno.

Wazee waliopitia jeshini hunijibu kwamba wao walipewa bunduki za aina moja wote na wakalenga. Jeshi lina sababu zake: askari ni maelfu, na yamkini mmoja atalazimika kuiokota bunduki ya mwenzake. Lakini hata Waingereza, waliowapa askari wa King's African Rifles bunduki ya Lee-Enfield, waliitengenezea vitako vya urefu mbalimbali, vifupi, vya kawaida na virefu. Ikiwa jeshi la kikoloni lilitambua kwamba mikono ya watu haifanani, seuze klabu ya michezo. (Wapiganaji wa Mau Mau, katika misitu hii iliyo juu yetu, waliunda bunduki kwa mabomba ya maji na komeo za milango, na vitako wakavichonga kwa mbao. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Sidai kwamba wanafunzi wapewe bunduki. Kuikarabati silaha ni kazi ya mwenye leseni, na fundi wa kando ya barabara ya Kerugoya asithubutu kuigusa. Ninachopendekeza ni kiunzi cha kupimia: mbao isiyo na mtutu wala kifyatulio, yenye bamba na mto wa kusogezwa, ambayo hakuna atakayeidhania kuwa silaha. Karakana ya useremala yaweza kukitengeneza kwa mti wa mukima uliojaa mashambani mwetu, na hapa Kutus tuna Chuo Kikuu cha Kirinyaga kinachoweza kuombwa msaada wa vipimo. Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Mwalimu wa mkondo huo, yule wa useremala na yule wa hisabati wangekutana juu ya kiunzi kimoja.

Kijana apatapo fursa ya kujiunga na klabu yenye leseni, aende na karatasi ya vipimo vyake, mwenye klabu aikaze bunduki kwa kuifuata. Nayo karatasi iandikwe upya kila muhula, kwani watoto wa umri huo hurefuka, na kitako kilichomtosha Januari huenda kikawa kifupi ifikapo Septemba.