Mutombo: Gwiji asiyehitaji pointi wala ubingwa

WANAOPIMA mchezaji wa mpira wa vikapu kwa pointi alizofunga watatatizika wakifika kwa marehemu Dikembe Mutombo. Katika misimu 18 aliyocheza ligi ya NBA nchini Marekani, mzaliwa huyo wa Kinshasa hakufikisha hata wastani wa pointi 10 kwa mechi. Ubingwa nao ulimpiga chenga. Alicheza fainali mwaka 2001 akiwa na Philadelphia 76ers na tena mwaka 2003 akiwa na New Jersey Nets, na mara zote mbili akaondoka mikono mitupu.

Hata hivyo, mwaka 2015 aliingizwa katika orodha ya magwiji wa mchezo huo, na kwa maoni yetu hakupendelewa.

Kazi yake ilikuwa kuharibu kazi ya wenzake. Akiwa na kimo cha futi saba na inchi mbili, alizima mitupo 3,289, idadi inayopitwa na ya Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria, pekee. Alituzwa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Na ni nani aliyehesabu mitupo ambayo wapinzani hawakuthubutu hata kuijaribu walipomwona chini ya kikapu? Kila alipozima mpira alitikisa kidole, mithili ya mzazi anayemkanya mtoto mtukutu. Ligi ilipoamua kuwa hiyo ni kejeli kwa wapinzani, alianza kuwatikisia mashabiki.

Mwaka 1994 timu yake ya Denver Nuggets, iliyoingia mchujo ikiwa ya nane, ilipoteza mechi mbili za kwanza dhidi ya Seattle SuperSonics, vinara wa ligi nzima, kisha ikashinda tatu mfululizo. Hakuna timu ya nane iliyokuwa imewahi kuibandua ya kwanza. Kipenga cha mwisho kilimkuta Mutombo amelala sakafuni, mpira ameukumbatia.

Ikumbukwe kuwa alipoingia Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 alinuia kuwa daktari. Vikapu vilimpotosha, lakini si kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mamake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa baada ya machafuko kuizuia familia kumfikisha hospitalini. Mwanawe aliamua kujenga hospitali, akatoa zaidi ya dola milioni 15 kati ya takriban milioni 29 zilizohitajika. Ilianza kuwapokea wagonjwa mwaka 2007, ikiwa na vitanda 300, miaka miwili kabla ya jeraha la goti kumstaafisha akiwa na Houston Rockets.

Ni sifa kwake, na ni aibu kwa waliotawala nchi yenye shaba, kobalti na almasi kama ile. Hata hapa Kenya tumezoea kumpigia makofi Kipchoge Keino kwa kuwalea mayatima mjini Eldoret, bila kuuliza ni nani hasa aliyepaswa kuwalea.

Mutombo alifariki Septemba 30, 2024 jijini Atlanta kutokana na saratani ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 58. Hospitali yenye jina la mamake ilikuwa imetimiza miaka 17 tangu ilipofungua milango.