Jina la nani kwenye hati?



Ukitoka Masasi kwenda Songea, ukishaipita Mangaka unaingia mkoa wa Ruvuma na kufika Nakapanya, wilayani Tunduru. Zamani njia hii ilikuwa vumbi kiangazi, matope masika. Siku hizi ni lami, na kutoka hapo hadi Tunduru mjini ni kilomita 66 na ushee. Safari yangu ya mwisho basi lilisimama pale, nikashuka kununua korosho kwa bibi mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamuuliza kama korosho ni za shambani kwake. Akasema ndiyo, shamba la mama yake, na kabla ya hapo la mama wa mama yake. Na babu je? Akacheka. "Babu yako alinikuta hapa."

Nikauliza tena: wapimaji wakija kutoa hati, litaandikwa jina la nani?

"La babu yako. Si ndiye mwenye nyumba?"

Honi ikalia, nikapanda basi. Jibu lile halijanitoka mpaka leo.

Kwa wasiozijua mila za kule: kwa Wayao na Wamakua ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ardhi ilibaki kwa kina mama na watoto wao. Ndoa ikivunjika, mwanamume alibeba mkeka wake akaondoka. Shamba halikuondoka.

Sasa tuje kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila yoyote inayomnyima haki hiyo ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu 7, na 3 kati yao ni wanawake. Sheria nzuri.

Lakini angalieni kichekesho hiki. Sheria inamlinda bibi, na mila yake nayo ilimlinda. Anapotea hapo katikati, dakika ile karani anapouliza: "Mkuu wa kaya nani?"

Tusidhani ni jambo dogo. Mwaka 1887 Marekani ilipitisha Sheria ya Dawes, ya kuzigawa ardhi za pamoja za wenyeji wa asili. Mkuu wa kaya aliandikiwa ekari 160. Mke aliyeolewa hakuwa na fungu lake, hata katika makabila ambayo mashamba yalikuwa ya wanawake. Nyingine iliitwa ziada wakapewa walowezi, nyingine ikauzwa. Kufikia 1934, ekari milioni 138 zilikuwa zimebaki takriban milioni 48.

Mimi sipingi hati. Lami imefika, na lami haiji peke yake. Nyuma yake huja wenye fedha wanaotafuta ardhi. Wafugaji nao wameshuka kusini na mifugo yao, hasa baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006. Asiye na karatasi ataumia. Ila karatasi yenye jina lisilo lake itamuumiza vilevile, tena kwa mhuri.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kabla ya kipimo kugusa ardhi, swali la kwanza kwenye mkutano wa kijiji lisiwe "mkuu wa kaya nani?" Liwe "shamba hili limetoka kwa nani?" Lililotoka kwa mama liandikwe jina la mama. Walilolifyeka pamoja, yaandikwe majina yote mawili.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa ofisini mjini, piga simu kijijini kwenu leo. Uliza shamba alilolima bibi yako lina jina la nani.

Naomba kutoa hoja.