Kufungua Akaunti kwa Mashine: Jina Pekee Halitoshi

Kompyuta moja inayohifadhi tovuti za watu wengi hufanana na nyumba ya kupanga: paa ni moja, lakini kila mpangaji ana chumba na ufunguo wake. Kufungua akaunti ni kumpa mtu jina la kuingilia, namba, folda, kiasi cha nafasi na mipaka ya ruhusa. Kazi hiyo ikifanywa kwa mkono kwa ajili ya wanafunzi 300, makosa hayaepukiki. Hapana budi basi ikabidhiwe programu isomayo orodha mstari kwa mstari. Hata hivyo, mashine hairekebishi kanuni mbovu. Huirudia tu kwa kasi.

Ichukuliwe kwamba shule zinazopokea vijana wa Gendabi, wilayani Hanang, zimeamua kutumia seva moja kwa masomo ya kompyuta. Kanuni iliyozoeleka ni kutunga jina la kuingilia kutokana na herufi za mwanzo za jina la mtu. Hanang kanuni hiyo itakwama mapema. Majina mengi ya wanaume wa Kidatoga huanza na Gida-, na ya wanawake huanza na Uda-. Majina ya Kiiraqw nayo yana sauti zisizokuwamo katika Kiswahili, hivyo huweza kuandikwa kwa namna zaidi ya moja. Programu iliyotungwa vibaya itamwingiza mwanafunzi wa pili katika folda ya wa kwanza, na kazi ya muhula mzima itapotea.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Katika miaka ya 1960, mfumo wa CTSS wa Massachusetts Institute of Technology, mmoja wa mifumo ya kwanza kuwahudumia watu wengi kwa kompyuta moja kwa wakati mmoja, uliwahi kumwonyesha kila aliyeingia maneno ya siri ya watumiaji wote. Chanzo kilikuwa faili mbili za muda kupewa jina moja. Mfumo wa UNIX, ulioanza mwaka 1969 katika Bell Laboratories, humtambua mwenye faili kwa namba, wala si kwa jina. Huo ndio msingi ufaao kufuatwa.

Yawezekana kudaiwa kwamba namba ya mtahiniwa yatosha kwa yote. Kwa kumtambulisha mtu, yafaa. Kwa neno la siri, haifai hata kidogo, kwa kuwa matokeo ya mitihani ya taifa hutangazwa hadharani kwa namba hizo. Neno la siri la kwanza lapasa kutungwa kwa bahati nasibu, tofauti kwa kila mtu, na kubadilishwa na mwenyewe mara aingiapo.

Aidha, programu ya kufunga akaunti yapasa kuandikwa siku ile ile iandikwapo ya kufungua. Akaunti ya mhitimu iliyoachwa wazi ni mlango usio na mlinzi. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuitii huanzia katika orodha ya darasa.

Kwa hiyo, kabla programu haijaendeshwa, mwalimu aisome orodha pamoja na wanafunzi wenyewe, na kila mmoja athibitishe jina lake. Mashine iachiwe kurudiarudia. Kuamua nani ni nani kubaki kwa watu wanaofahamiana.